Tambi za Mama Mkwe

Wakwe walikuwa njiani na pikapu, na Baba Cheche alikuwa jikoni anakoroga uji ambao haukukusudiwa kuwa uji.

Asubuhi ile ulikuwa pakiti nzima ya tambi za mchele, zile bapa na nyembamba. Mkewe alipewa pakiti mbili na mpishi wa hoteli anakofua mashuka. Tambi za Kithai, alisema mpishi, zinakaangwa haraka haraka, mtu hajamaliza kunawa mikono chakula kiko tayari. Mama Cheche akaziweka juu ya kabati zisubiri siku ya furaha. Siku ya kupikwa imefika, furaha bado.

Simu ndiyo iliyomnyanyua Baba Cheche kitini.

"Leo sitoki mapema," mkewe alisema kwa sauti ya chini, nyuma yake mashine za kufulia zinanguruma. "Wageni wa mkutano wamefika, mashuka hayajakauka, msimamizi kasema hatoki mtu."

"Na mama je?"

"Wako njiani. Kaka kanipigia. Anakuja na pikapu. Na kamba."

"Kamba za nini?"

"Za kufungia kitanda, Baba Cheche. Za nini tena?"

Alikuwa analijua jambo lenyewe. Lilikuwa limezungumzwa na kuzungumzwa tena: Mama Cheche na mtoto wahamie kwa kaka mtu, wapumue, mpaka mume ajipange. Ila mtu anaweza kulijua jambo na bado akashtuka anaposikia lina kamba.

"Wewe umemjibu nini?"

"Sijamjibu. Nimechoka. Natoka kufua huku, naanza kufua huko, nikimaliza napika. Nilitaka nipitie sokoni, mama anikute na sufuria motoni. Sasa wakifika wakukute umekaa kwenye kile kiti chako na ile miwani, mimi sitakuwa na la kusema. Nakwambia ukweli. Sitakuwa na la kusema."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, mumewe angejua pa kuanzia.

Baba Cheche ni fundi wa kuchomelea. Mageti ya mtaa mzima yamepita mikononi mwake, na binti yake wa pekee alipachikwa jina la Cheche hata kabla hajaota meno. Lakini mwanga wa mashine ulimchoma macho, daktari akampiga marufuku kuusogelea, na tangu hapo anavaa miwani myeusi mchana kutwa, hata ndani. Watoto wa mtaani wanamwita Msanii. Anacheka nao, halafu anarudi kukaa. Hakuna aliyemkataza kufanya kazi nyingine. Hakuna aliyemwambia aifanye pia, na hapo ndipo mwanaume anapoweza kukaa miezi.

Basi alinyanyuka. Ndani mlikuwa na mayai, karoti, nusu ya kabichi, paja la kuku la jana, ndimu, ukwaju kidogo na karanga alizofichiwa Cheche zisiishe siku moja. Na pakiti mbili juu ya kabati. Akateka maji, akayachemsha, akatumbukiza tambi za pakiti ya kwanza, kwa sababu katika nyumba ile tambi huchemshwa. Akaongeza karoti na kabichi kidogo, akafunika kwa mfuniko ili viive kwa mvuke, kama alivyoona mkewe akifanya kwa mambo yote. Alipofunua, mwiko ulisimama wenyewe.

Jirani yake, Mama Pacha, alichungulia dirishani. Huyu ni mwanamke ambaye pua yake hutangulia kufika kila mahali.

"Baba Cheche, unabandika matangazo?"

"Napika."

"Aa. Mimi nikadhani gundi. Nikasema labda kuna uchaguzi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Baba Cheche naye angecheka siku nyingine. Siku ile alihisi aibu imempanda mpaka masikioni, akafunika sufuria, akaisukuma chini ya meza.

*

Alimpigia mkewe simu. Mama Cheche hakuwa na muda wa kusikiliza habari za gundi. Alikwenda na simu mpaka mlango wa jiko la hoteli, akampa mpishi.

"Fundi, umezifanyaje?" mpishi aliuliza.

"Nimechemsha."

"Nani kakwambia uchemshe? Hizo zinalowekwa. Maji ya vuguvugu, basi. Uzitoe zingali ngumu kidogo, zinapinda lakini hazikatiki."

"Kama waya."

"Kama waya, sawa. Sosi ya samaki unayo?"

"Sina hata samaki mwenyewe."

"Dagaa je?"

Mama Pacha, ambaye hakuwa ameondoka dirishani na alisikia kila neno la simu, alisema kwa sauti kubwa kwamba dagaa anazo, za paka wake.

"Chukua za paka," mpishi alisema. "Chemsha kiganja kimoja na chumvi, chuja, maji yake changanya na ukwaju na sukari. Wathai watatusamehe. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wote wanapoharibu. Moto uwe mkali, si moto wa chai. Na usijaze. Sahani mbili kwa mkupuo. Ukimwaga zote kwa pamoja, chombo kinapoa, tambi zinatoa jasho, unarudi kwenye gundi yako."

"Moto nao uwe mkali kiasi gani?"

"Mkali mpaka uogope."

Baba Cheche alisimama na simu mkononi hata baada ya mpishi kukata. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kulikuwa na mtu aliyemwambia jambo analolielewa. Ukilundika kazi kwenye chuma ambacho hakijashika joto, haishiki. Kila fundi anajua hilo, na yeye amewafukuza vijana wawili kwa kutolijua. Na moto wa kutisha alikuwa nao. Ulikuwa umelala pembeni ya nyumba, chini ya banda la mabati, umefunikwa turubai.

Alilivuta turubai. Kulikuwa na jiko lake la kupashia vyuma, lenye mvukuto wa kupulizia moto, unaozungushwa kwa mkono. Kulikuwa na mabaki ya mageti, benchi la kazi, na ukutani limetundikwa karai la chuma alilomtengenezea mteja mmoja aliyeapa atalifuata kesho. Kesho hiyo haijafika hadi leo. Alilisugua kwa mchanga, akalipasha mpaka likatoa moshi, akalipaka mafuta, akalipasha tena. Daktari alikataza mwanga wa umeme. Makaa hakuyataja.

Akakata karoti nyembamba kama njiti, akapasua kabichi, akachambua kuku, akatwanga karanga. Alipanga kila kitu kwenye ncha moja ya benchi kwa mpangilio wa kutumika, kama anavyopanga vyuma vyake, hiki kwanza, hiki pili. Tambi zikalowa kwenye beseni. Alipoinua moja na kuikunja kidoleni, ilipinda, haikukatika. Akajikuta anatabasamu peke yake, akatazama huku na huku kama aliyefumaniwa.

*

Pikapu ilisimama mlangoni Cheche akiwa ndiyo kwanza anarudi kutoka shule. Mama mkwe alishuka polepole, maana nyonga inamsumbua, mkoba kaukumbatia kifuani. Nyuma yake akashuka shemeji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa shati lililonyooshwa na funguo nyingi kiunoni. Begani alikuwa na mafungu mawili ya kamba mpya. Aliyatupa kwenye benchi la kazi, yakatua mbele ya Baba Cheche.

Tusimwonee. Shemeji yule hakuwa mtu mbaya. Alimwona dada yake akikonda na hakupenda. Ila pia alikuwa mtu anayefurahi akiwa sahihi, na siku ile alikuja kuwa sahihi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

"Yupo kazini, mama. Wamemchelewesha."

"Na wewe?"

"Mimi napika."

Shemeji akaangua kicheko.

"Unapika nini, shemeji? Geti?"

Cheche alicheka, kwa sababu ilichekesha, halafu akamwangalia baba yake akaziba mdomo. Baba Cheche alivua miwani, akaifuta kwa shati ingawa haikuwa na vumbi, akaivaa tena. Jibu alikuwa nalo kali. Akalimeza.

"Mama, chakula hiki hakifunikwi, hakisubiri. Kikitoka motoni kinaliwa. Naomba mnikalie hapa bandani, karibu na jiko."

Mama mkwe alilitazama banda. Katika maisha yake yote chakula ndicho kilichomsubiri mgeni, kimefunikwa, mezani, sebuleni. Sasa anaambiwa mgeni ndiye asubiri chakula, tena katikati ya vyuma chakavu, kwenye benchi lenye alama za kuungua. Aliona amedharauliwa, na uso wake ukasema hivyo waziwazi. Lakini nyonga ilimuuma na benchi lilikuwa karibu. Akakaa, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi asilotaka kupanda.

"Mimi nimekula," alisema shemeji, akabaki amesimama. "Tukimaliza mambo yako ya moto, tuna mazungumzo."

Baba Cheche alishika mpini wa mvukuto. Makaa yakageuka mekundu, kisha ya manjano. Akaweka karai, akamimina mafuta, akasubiri mpaka moshi ulipoanza kutambaa ukingoni, akatupia kitunguu saumu na kuku. Moshi ulimpanda usoni. Nyuma ya miwani macho yalijaa machozi, na kilichokuwa ndani ya karai kikawa ukungu mtupu.

Hapo ndipo hofu ilimshika kweli. Haoni kama kuku amegeuka rangi. Haoni kama kinaungua. Mama mkwe yuko hatua chache, shemeji yuko juu ya kichwa chake, kamba ziko pale, na pakiti ni hiyo moja iliyobaki.

Lakini alikuwa anasikia. Miaka yote aliyofundisha vijana, jambo la kwanza aliwaambia wafumbe macho. Sikilizeni, alikuwa akisema, mashine ikikaa sawa inalia kama mafuta kwenye kikaango. Alilisema mara nyingi mpaka likawa wimbo, na yeye mwenyewe hakuwahi kusimama mbele ya kikaango hata siku moja. Sasa karai lilikuwa linalia mlio uleule, mkavu, wa haraka, usiokatika, na mwili wake wote ukautambua.

Akatupia karoti na kabichi. Ukaendelea. Akatupia tambi, za sahani mbili tu, na mlio ukashuka. Ukawa mzito, wa majimaji. Joto lilikuwa linakimbia, na mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi, mmoja mwiko, mwingine sikio la karai.

"Shemeji! Zungusha!"

"Nini?"

"Mpini huo! Zungusha, moto unazimika!"

Si ombi, si amri ya kumdharau mtu. Ilikuwa sauti ya fundi kazini, na wanaume huitii sauti hiyo kabla hawajakumbuka wao ni nani. Shemeji aliinama na shati lake lililonyooshwa, akaushika mpini, akazungusha.

"Kwa nguvu!"

"Si nazungusha!"

Makaa yakanguruma. Mlio ukapanda tena, mkavu, na Baba Cheche akamwaga mchuzi wa ukwaju na dagaa. Harufu iliyoruka hapo ilivuka ukuta, ikamrudisha Mama Pacha dirishani kwake. Akasogeza tambi pembeni, akapasua yai kwenye nafasi iliyobaki, akaliacha lishike, akalichanganya. Karanga. Kitunguu cha majani. Nusu ndimu akaikamua kwa ngumi. Kisha sahani mbili, kwa mama mkwe na kwa Cheche.

Tambi zilikaa zimeachana, kila moja peke yake, zinang'aa.

Mama mkwe alichukua uma kana kwamba anamfanyia mtu hisani. Akazungusha, akala. Akatafuna kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kilikuwa kichachu, kitamu, kina chumvi, kina moshi, na karanga zilivunjika chini ya meno. Hakusema ni kizuri. Wanawake wa aina yake hawatoi sifa barabarani. Alikula mpaka ukingo wa sahani, akaweka mkoba chini kwenye vumbi, akanyoosha sahani.

"Ongeza."

*

Mama Cheche aliingia uani akikimbia, sare ya hoteli bado mwilini, maneno kayapanga njia nzima, mengine ya kumtetea mume na mengine ya kuaga. Aliona mama yake amekaa kwenye benchi la kuchomelea anakula. Aliona kaka yake amechuchumaa, jasho linamtiririka, shati lina masizi, anazungusha mvukuto. Aliona mumewe anarusha tambi hewani na kuzipokea.

"Kuna nini hapa?"

"Kaa," alisema mama yake. "Chakula hiki hakimsubiri mtu."

Akakaa. Sahani ikamfikia mikononi ingali inatoa moshi. Alikula kwanza kwa njaa, halafu kwa mshangao, halafu akaacha kula akamtazama mumewe, mikono iliyoshika mwiko kama inavyoshika vyuma. Machozi yakamtoka. Akasema ni moshi.

Sahani ya mwisho ilikuwa ya Baba Cheche. Alimpa shemeji.

"Si nilisema nimekula."

"Umefanya kazi. Mtu akifanya kazi kwangu anakula."

Shemeji alishika sahani, akaonja ili amalize heshima, na heshima ikaisha na sahani yenyewe. Alipomaliza alijifuta mdomo, akakumbuka alikuja kufanya nini. Akaona aibu kidogo, akaificha kwa kukohoa.

"Mama, tulikuja kwa jambo."

"Liseme."

"Chakula ni kizuri, sikatai. Lakini leo tambi. Kesho je? Mtu hawezi kuishi kwa tambi."

"Kesho maharage," alisema Baba Cheche. Sauti yake haikupanda. "Keshokutwa nitafua. Macho yamekataa chuma, shemeji. Mikono haijakataa kitu. Nilichelewa kuiuliza, hilo ni kosa langu."

Shemeji hakuwa amejiandaa kwa mtu anayekubali kosa. Akamgeukia dada yake.

"Na wewe unasemaje? Maana wewe ndiye unayechoka."

Mama Cheche aliishika sahani tupu kwa mikono miwili. Alikuwa amemwambia mumewe hatakuwa na la kusema, na njia nzima aliogopa kwamba ni kweli.

"Leo nimetoka kazini nikakuta chakula," alisema. "Kaka, tangu niolewe sijawahi kutoka kazini nikakuta chakula. Na kwako nikija, nani atanipikia? Mkeo?"

Shemeji alimfikiria mkewe, ambaye muda huo huo alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka tangu asubuhi na angerudi nyumbani kupika. Akaanza kupangusa masizi kwenye shati lake.

"Basi," alisema mama mkwe, akainuka kwa kujikokota na kuukung'uta mkoba wake vumbi. "Nilikuja kumchukua mwanangu anayefanya kila kitu peke yake. Huyo hapa simwoni. Twende, giza lisitukute barabarani."

Shemeji akaenda kuchukua kamba zake.

"Hizo ziache."

"Mama, ni mpya hizo!"

"Ziache. Mkwe wangu kasema keshokutwa anafua. Ataanika wapi?"

Mama Pacha alicheka dirishani mpaka wote wakamsikia, na safari hii Baba Cheche alicheka naye, kwa sauti ambayo uani pale haikuwa imesikika kwa muda mrefu. Alimshika mama mkwe mkono mpaka kwenye gari. Kabla mlango haujafungwa bibi yule alimvuta karibu, akamwambia sikioni kwamba safari ijayo ndimu iongezwe. Pikapu ikaondoka na sehemu yake ya nyuma tupu, inarukaruka kwenye mashimo.

*

Jioni Mama Cheche alipiga magoti atafute mwiko, akaiona sufuria chini ya meza. Akafunua.

"Baba Cheche. Na hii ni nini?"

"Pakiti ya kwanza."

Akachota kwa kijiko. Kijiko kilipotoka, sufuria nzima ilitaka kukifuata. Alimtazama mumewe, na sasa ndipo alipohesabu sahani za mchana, akaona moja imepungua.

"Wewe hujala."

"Nilikuwa napika."

Mama Cheche alichukua kijiko cha pili, akampa, wakakaa chini sakafuni sufuria ikiwa katikati yao. Nje, kamba mpya ya kaka yake ilikuwa imeshavutwa kutoka banda hadi kona ya nyumba, imekazwa kama kazi ya fundi, na sare ya hoteli ilikuwa inaning'inia peke yake, imefuliwa, inadondosha maji. Keshokutwa ilikuwa mbali. Baba Cheche hakuweza kuisubiri ndipo afue.

Mama Cheche alitia kijiko mdomoni, akakunja uso wote.

"Mbaya," alisema. "Mbaya kabisa."

Akachota tena.